Taa ya motere iliwaka nyuma ya kukata eshapema: kalkilatere inalalamika nini?

Katika muji wa Lubumbashi kuna motokari zinazosikika mbele ya kuonekana. Toyota ndogo iliondoka Japani kimya, ikapanda meli, ikashuka Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa bado kimya. Miezi sita kiisha, inanguruma usiku mu Katuba sawa kamyo ya mine inayopanda shimo na muzigo. Mwenyewe amekata eshapema. Ametosha silansie ya fabrika na kuweka ingine ya mudomo mukubwa, ile wanaita «sport». Mara mingi katalizere pia imetoka, na pahali pake wamesude bomba tupu.

Vijana wanapenda ile sauti, na kila mutu na ladha yake. Shida inaanza siku ya tatu ao ya ine, wakati taa ya rangi ya machungwa, yenye picha ya motere, inawaka mbele ya shofere na haizimike tena. Hapo anatokea kijana na ordinatere mukononi: «Papa, ni kalkilatere njo inakatala. Leta kitu kidogo, nitaiprograme, itanyamaza.»

Neno hilo, «itanyamaza», ndilo tunataka kuangalia leo. Kwa mutumikaji wa mine, motokari mara mingi ni prime ya miaka mingi, ao dekonti final yote. Feza ya namna hiyo hairudi mara ya pili. Na ndani ya motokari ileile mama na watoto wanaenda kanisani siku ya Yenga, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya mavumbi.

Pua mbili ndani ya bomba

Kalkilatere ni sanduku ya chuma yenye ukubwa wa kitabu. Haioni barabara. Inaletewa habari na kaptere: hewa gani inaingia, joto la maji, mguu wa shofere unakanyaga namna gani. Kwa habari hizo inaamua kila injektere ifunguke kwa muda gani, na buji ipige moto saa gani. Ndani yake kuna meza kubwa za hesabu zilizoandikwa na fabrika. Kwa kuunguza vizuri gramu 1 ya esanse inahitaji gramu 14,7 hivi za hewa. Hewa ikizidi, mechi ni «maskini» katika esanse. Ikipunguka, ni «tajiri» na moshi unanuka.

Lakini hesabu ya mbele peke yake haina uhakika, kwa hiyo kalkilatere inanusa moshi wenyewe. Pua yake ni sonda lambda, inayofungwa katika bomba ya eshapema. Bosch ya Ujerumani ndiyo iliitengeneza, na Volvo ikaanza kuiweka katika motokari zake za kuuza Marekani mwaka 1976. Sonda ya kawaida inatoa umeme mudogo sana: karibu volti 0,1 wakati hewa imezidi, karibu 0,9 wakati esanse imezidi. Kalkilatere inasoma, inaongeza, inapunguza, mara nyingi katika dakika moja, sawa mama anayeonja mboga na kutia chumvi kidogo kidogo.

Motokari mingi za miaka ya 2000 na kuendelea ziko na sonda mbili. Ya kwanza, mbele ya katalizere, ndiyo inaonja. Ya pili, nyuma ya katalizere, ni kama kontrolere wa kazi: inaangalia kama katalizere inasafisha moshi kweli. Ikiwa sonda ya kwanza inacheza juu na chini na ya pili inatulia, kazi inafanyika. Sasa kata katalizere, weka bomba tupu. Ya pili inaanza kucheza sawasawa na ya kwanza. Kalkilatere inaandika kosa namba P0420 na kuwasha taa. Motere yenyewe haigonjwi. Kontrolere amerudi na habari ya kweli: mutumikaji mumoja hayuko tena kwenye posti yake.

Kwa hiyo kijana wa ordinatere hakudanganya yote. Anaweza kuingia ndani ya kalkilatere na kuizuia isimusikilize kontrolere tena, na taa itazima. Wengine hawana hata ordinatere: wanasogeza sonda ya pili inje ya moshi kwa kipande cha chuma, ao wanabandika skochi nyeusi juu ya taa. Hiyo ya skochi ndiyo mubaya kuliko zote, kwa sababu taa ileile iko na kazi ingine. Ikianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, inasema silinda moja haishike moto na esanse mbichi inaenda kuungulia ndani ya bomba. Hapo unapaswa kupunguza mwendo mara moja. Chini ya skochi hutaona kitu.

Sudire mbele ya ordinatere

Kuna kosa lingine ambalo linaleta watu wengi kwa waprogramere bila sababu. Tuseme katalizere ilibaki, sonda zote ni nzima, ulibadilisha silansie na bomba tu, na taa inawaka na namba P0171. Namba hiyo inasema: hewa imezidi. Fundi anakuambia bomba kubwa inaleta hewa mingi, basi tuongeze esanse kwa programu.

Angalia kwanza sudire. Moshi wa motere hautoki kama maji ya robine. Unatoka kwa mapigo, moja moja. Katikati ya mapigo mawili bomba inavuta. Kama kuna ufa mudogo karibu na sonda ya kwanza, hewa ya inje inaingia pale, sonda inainusa na kuripoti kwamba motere iko na njaa ya esanse. Kalkilatere inatii, inaongeza. Ndani ya silinda sasa esanse imezidi, motokari inakunywa, buji zinakuwa nyeusi, na juu ya skaneri bado imeandikwa «maskini». Ukiongeza esanse ingine kwa programu, umemupa dawa mutu ambaye hagonjwi.

Kuchunguza ni kazi ya asubui, motere ikiwa baridi. Washa, sikiliza chini: ufa unalia tik-tik-tik. Tia maji ya sabuni juu ya sudire na viungo vyote mbele ya joto kupanda. Pahali panapotoa mapovu, ao penye masizi meusi, ndipo moshi unatoka na hewa inaingia. Sudere mwenye muikono muzuri atafunga kwa saa moja, bei yake ni ya mbali sana na ile ya programu.

Kiisha omba skaneri. Fundi mwenye skaneri anaweza kukuonyesha «korekisio», ni kusema asilimia ya esanse ambayo kalkilatere inaongeza ao kupunguza kupita ile meza ya fabrika. Chini ya 10 kwa mia, mambo ni sawa. Ikipita 20, kuna kitu: ufa, filtri ya hewa, pompe inayochoka, kaptere chafu ya mavumbi ya barabara ya Likasi. Mutu akianza kuzungumuza bei ya programu mbele ya kukuonyesha namba hizo, mwambie asante, wewe unaenda kwanza kuuliza kwa mwingine.

Hewa ya huku juu

Wengi wanakata eshapema kwa sababu wanasema motokari inalegea. «Ku Dar ilikuwa inakimbia, huku inakufa.» Wanasema kweli. Lubumbashi iko karibu metre 1 200 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi: motere isiyo na turbo inapata karibu asilimia 13 chini ya ile inayopata ku bahari, na nguvu inapunguka karibu vilevile. Kolwezi, inayopita metre 1 400, inakata zaidi kidogo. Motere ya farasi 100 ku Dar es Salaam, huku inakuwa na 87 hivi. Hakuna mutu aliyeiba zile 13. Zimebaki ku bahari.

Eshapema ya wazi itarudisha ngapi? Katika motere ndogo ya litre 1,3 ao 1,5, kama zile za Vitz, IST ao Corolla, utapata farasi mbili, tatu, ukibahatika tano, tena juu kabisa ya mizunguko, pahali ambapo shofere wa muji hafiki. Chini, ile ya kuondoka mu rond-point, bomba kubwa kupita kipimo inaweza hata kupunguza. Kwa motere hizo, maoni yangu ni haya: feza ya programu nunua buji nzuri, filtri na sonda mupya ya kwanza. Utasikia tofauti zaidi.

Na je, kalkilatere inajua kwamba bomba ilibadilika? Inategemea. Motokari zingine zinapima hewa yenyewe kwa kaptere ndogo ya waya ya moto, karibu na filtri. Hizo, ukibadilisha eshapema, zinaona hewa iliyoongezeka na kufuata zenyewe. Zingine hazipimi hewa. Zinapima presio ndani ya kolektere na kukisia hewa kwa hesabu ya fabrika. Hizo ukifungua bomba sana, makisio yanakosa, zaidi wakati umekanyaga mpaka chini, maana wakati huo kalkilatere mara mingi haisikilize tena sonda. Hapo ndipo kuprograme kuna sababu ya kweli. Na kwenye turbo zaidi sana: ukipunguza kizuizi nyuma ya turbo, inazunguka haraka kupita ile fabrika iliandika.

Programu ya kununua tayari ni hatari huku kwetu. Fili iliyotengenezwa ku Dubai ao Ulaya, chini karibu na bahari, inadai turbo itoe presio ileile. Huku juu, kwa kutoa presio ileile na hewa nyepesi, turbo inapaswa kukimbia zaidi. Siku chache motokari inaruka sawa swala. Halafu mafuta ya motere yanaanza kutoka kwa eshapema.

Kazi yenye inafanyika vizuri inaenda hivi. Fundi anasoma kwanza fili ya fabrika na kuilinda. Anabadilisha meza chache tu. Wakati wa kuandika ndani ya kalkilatere, batri inasaidiwa na sharjere yenye nguvu, kwa sababu umeme ukianguka katikati ya kuandika, kalkilatere inaweza kufa palepale. Mu muji wa delestaje, fundi anayefungia sharjere hiyo kwa SNEL bila batri ya pili anacheza na motokari yako. Kiisha kuandika, anafunga sonda ya kipimo kipana, anaenda barabarani ao kwenye ban, anasoma moshi motere ikiwa chini ya nguvu, anasahihisha, anarudia. Saa mbili, tatu, wakati mwingine siku nzima. Mwenye kumaliza kwa dakika kumi na tano, bila kupima moshi, alikisia.

Mazuti si esanse

Watu wa mine wanajua Land Cruiser na Hilux za mazuti, na pale sheria inageuka. Motere ya esanse yenye turbo inakufa na joto wakati esanse inapunguka, piston inayeyuka. Motere ya mazuti inakufa na joto wakati mazuti yanazidi. Ule moshi mweusi ambao vijana wanaufurahia ni mazuti yaliyolipwa na hayakuungua, na joto lake linapita ndani ya turbo.

Za mazuti za karibuni ziko na filtri ya masizi, ile Wafaransa wanaita FAP. Kila mara ikijaa, kalkilatere inatia mazuti mengine kwa kuipasha joto na kuunguza masizi. Ukikata filtri na kuacha programu ya zamani, inaendelea kutia mazuti kwa kusafisha kitu ambacho hakiko. Mengine yanashuka ndani ya mafuta ya motere na kuyafanya maji. Kwa hiyo ikikatwa, programu ni lazima. Lakini ujue unachokata. Mwaka 2012 shirika la kansa la OMS, lile la Lyon, liliandika moshi wa mazuti katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa mutu. Moja ya ushuhuda mukubwa ulitoka kwa wachimbaji: Wamarekani walifuata watumikaji 12 315 wa migodi 8, na waliovuta moshi zaidi chini ya udongo walikufa zaidi na kansa ya mapafu. Chini ya udongo kompani inaweka vantilatere na inapima hewa. Mbele ya nyumba yako mu Kenya ao Ruashi hakuna vantilatere.

Ufaransa inaazibu anayetoa filtri hiyo kwa amande ya mpaka euro 7 500. Na tusizani ni mafundi wadogo tu wanaoandika uongo ndani ya kalkilatere: mwaka 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen yenyewe iliiandika katika motokari karibu milioni 11, zisafishe moshi siku ya kontrole na kuuacha siku zingine.

Tenere ya katalizere

Hapa wachimbaji watanielewa haraka. Katalizere ilitoka kwa wazo la Mufaransa, Eugène Houdry, aliyefanya kazi yake Marekani, na tangu 1975 ikaenea katika motokari za kule. Ndani kuna jiwe la kauri lenye vitundu vingi sana, na juu ya kauri wamepaka platini, paladiumu na rodiumu. Ni gramu chache tu. Lakini piga hesabu ya tenere. Migodi ya Afrika ya Kusini, upande wa Rustenburg, inachimba udongo wenye gramu 3 mpaka 6 hivi za madini hayo katika tone moja. Kauri ya katalizere, kwa tone moja, inapita gramu elfu moja. Mwaka 2021 rodiumu ilipita dola 25 000 kwa onsi moja, ni kusema gramu 31. Bei ilianguka kiisha, lakini haikufika sifuri.

Basi fundi akikuambia: «Papa, hii imekufa, nitaitosha bure, motere ipumue», jiulize kwa nini bure. Na kama kweli imeziba, kuna kupima: anatoa sonda ya kwanza, anafunga manometre katika tundu lake, motere kwa mizunguko 2 500. Ikipita bar 0,2, imeziba. Chini ya hapo, inapumua, na ulegevu wako unatoka pengine. Hata ikiwa imeziba, kitu kiliiziba: mafuta yanayoungua, buji iliyokufa. Ukiweka mupya bila kutengeneza hiyo, nayo itaziba.

Ile ya kusema esanse ya Afrika inaua katalizere ilikuwa na ukweli wakati wa esanse yenye risasi, ile plomb. Inchi za Afrika kusini ya Sahara zilipatana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na mwanzo wa 2006 ilikuwa imetoka.

Tena usiivunje nyumbani kwa nyundo kama jiwe la heterojenite. Vumbi ya kauri ile na nyuzi zinazoizunguka hazifai kuingia mapafuni, na watoto wanapenda kukaa karibu na baba akifanya kazi.

Hewa ndani ya motokari

Kazi ya kwanza ya katalizere ni kugeuza oksidi ya karboni, CO. Haina harufu, haina rangi, inashika damu kupita oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Kila muchimbaji anajua kwamba nyuma ya tir hakuna anayeshuka mpaka hewa isafishwe. CO ni moja ya sababu. Motokari iliyokatwa katalizere na kuharibiwa programu inaweza kutoa CO kwa asilimia nzima za moshi. Sasa weka sudire mubaya chini ya viti, mupira wa mulango wa nyuma uliopasuka, na foleni ya Kasumbalesa, vioo vimefungwa, motere inawaka kwa saa mbili. Kichwa kinauma, mutoto anasinzia bila wakati wake, mama anasikia kutapika. Watu wanasema ni joto ao chakula. Fungua vioo, zima motere, toa wote inje, mutu asiyeamuka apelekwe hospitali mara moja, na waganga waambiwe kwamba ni moshi wa motokari.

Kama umeshaamua kubadilisha eshapema, acha katalizere pahali pake na ubadilishe kuanzia nyuma yake. Sauti utaipata, na kontrolere atabaki kwenye kazi. Sudire ichunguzwe kwa sabuni, siku ileile. Kama umeshaprograme, dai fili ya fabrika iandikwe juu ya kle USB yako pamoja na namba ya shasi, uilinde na karte roze. Siku fundi yule atahama, mwingine ataweza kurudisha motere kama ilivyotoka Japani. Na ile katalizere iliyotoka, hata kama imekufa kabisa, usiiache garajini. Ibebe nyumbani.